Kikantoni cha Shimoni

Koleo ndiye aliyempigia mjane simu, na ndiye aliyemwambia kwamba mumewe amekuwa boga.

Hakukusudia, masikini. Alikuwa amesimama ofisini kwa meneja, simu sikioni, meneja mwenyewe kashika tama upande wa pili wa meza, na mafundi wenzake wamejazana mlangoni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mzee wao, fundi mkuu wa lifti, alikuwa amefariki asubuhi ile karakanani akinywa chai. Hata kikombe hakukiangusha. Alikiweka mezani, akaegemea kiti chake, basi. Mkewe na wanawe wawili walikuwa ng'ambo, huko alikotoka, na lugha yao ilikuwa Kikantoni, Kichina cha kusini. Katika kampuni nzima, ukimtoa mzee, mtu pekee aliyekijua Kikantoni alikuwa Koleo.

"Mwambie taratibu," meneja alinong'ona.

Koleo akamwambia taratibu. Alitumia neno alilokuwa akilisikia kila siku ndani ya shimo la lifti: gwa jo. Mota ikiungua, mzee alisema gwa jo. Breki ikigoma moja kwa moja, gwa jo. Panya aliyekutwa amekauka juu ya nyaya, gwa jo. Koleo akachukulia kwamba hilo ndilo neno la kufa, liwe la mtu, panya au mota. Kumbe gwa ni boga, na ni mtaani tu ndiko wanakosema kitu kilichokufa kimekuwa boga. Ni sawa na kumpigia mama wa watu simu ukamwambia, "Habari za asubuhi mama, mumeo amekata kamba." Tena mume mwenyewe fundi wa lifti.

 Upande wa pili sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza, polepole, "Wewe ni nani?"

"Nafanya kazi naye," Koleo alisema.

Simu ikakatika.

"Amesemaje?" meneja akauliza.

Koleo akarudisha simu mezani. "Ameshukuru."

Lazima mtu amjue Koleo ili aelewe jinsi jambo lile lilivyokuwa la ajabu. Kwa Kiswahili, hakukuwa na mtu mstaarabu kumshinda. Jina la Koleo alipewa kwa sababu ya mikono yake, maana akishika nati haiponyoki, lakini ulimi wake ulikuwa wa samli. Aliomba radhi akipishana na mtu ngazini. Aliipa lifti pole kabla ya kuifungua paneli. Fundi mwenzake akitukana karibu naye, Koleo aliinama akajifanya anatafuta bisibisi.

Kikantoni alikipata kwa njia nyingine. Aliingia kampuni ile akiwa msichana, wakati kundi zima la mafundi kutoka ng'ambo lilipokuja kufunga lifti kwenye majengo marefu. Baadaye wengine wakarudi makwao, akabaki mzee mmoja tu, ambaye kila mtu alimwita Sifu. Wengi walidhani ni jina lake. Si fu, kwa lugha yake, ni fundi bingwa, mtu anayekufundisha kazi. Kwa Kiswahili jina lile lilikuwa kichekesho tupu, maana mzee yule hakuwahi kumsifu mtu yeyote tangu alipotia mguu. Ukifunga boliti vizuri alikwambia imechelewa. Ukiifunga haraka alikwambia imelegea.

Yeye akiwa juu, chumba cha mashine, na Koleo akiwa chini shimoni, walizungumza kwa kupiga makelele. Hivyo ndivyo Koleo alivyojifunza: lugha ya kupayuka gizani, grisi hadi viwikoni. Kulikuwa na vijineno fulani ambavyo mzee alivichomeka katikati na mwishoni mwa kila sentensi. Koleo alividhani ni pumzi tu za lugha, akavichukua vyote kama vilivyo.

Basi siku chache baada ya ile simu, meneja akamwita tena. Familia ilikuwa inakuja. Mzee ataagwa ukumbini, kwa heshima zote, na mtu mmoja atahutubia kwa niaba ya wafanyakazi.

"Utahutubia wewe," meneja alisema. "Kwa lugha yao. Unaongea kama maji."

"Bosi, maji mengine ni ya mtaroni."

"Achana na unyenyekevu. Nimekusikia mwenyewe kwenye simu. Sauti ilikuwa nzuri sana."

Koleo akaondoka pale. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, na huyo alikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa mbovu kuliko zote walizozihudumia. Mafundi walimwita Bibi Redio. Alizaliwa ng'ambo, akaolewa huku, na kabla ya kuolewa alikuwa akisoma habari redioni kwa Kikantoni, wakati ambapo msomaji wa habari alivaa tai au gauni la heshima ingawa hakuna aliyemwona. Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Na ulimi wake, alipotaka, ulikata kuliko msumeno wa chuma.

Koleo alipanda kwa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa imegoma tena, akafika juu anahema. Akasimulia yote.

"Ulimwambia mjane neno gani?"

"Gwa jo."

Bibi Redio alimtazama. Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashikilia kabati, akacheka hadi miwani ikamtoka, akaenda kukaa na kuendelea kucheka akiwa ameketi. Alipopata pumzi akasema, "Mimi nakusikia wewe miaka yote kutoka humo shimoni. Nilikuwa nafungua mlango makusudi nisikilize. Mwanangu, Kikantoni chako ni choo kisicho na mlango."

"Bibi!"

"Yale maneno unayomalizia nayo sentensi unayajua maana yake?"

"Nilidhani ni kama nukta."

"Nukta!" Bibi Redio akapiga paja. "Hizo nukta zako zote zinamhusu mama wa mtu."

 Koleo akakumbuka kwamba aliwahi kuzungumza na balozi mdogo mmoja ndani ya lifti iliyokwama, akamfariji kwa Kikantoni muda wote, na yule bwana alipotolewa akaondoka bila kuaga.

Masomo yalianza palepale, mezani, kati ya sahani ya machungwa na redio kubwa iliyokuwa haisemi tena. Bibi Redio hakuwa mwalimu wa kubembeleza.

"Sikiliza. Kikantoni cha heshima ni kama lifti zako. Cha mwenzako kinapanda, cha kwako kinashuka. Kampuni ya mwenzako ni gwai gung si, kampuni tukufu. Kampuni yako ni bai gung si, kampuni chakavu."

"Hiyo ya kwetu si heshima, ni ukweli."

"Nyamaza. Mama wa mwenzako ni ling tong. Mama yako ni ga mou. Ukichanganya hayo mawili, watu watajua hukulelewa. Mtoto wako mwenyewe unamwita hyun ji."

"Maana yake?"

"Mtoto mbwa."

Koleo akadhani hakusikia. "Mtoto wangu mwenyewe nimwite mbwa?"

"Ndiyo adabu hiyo. Haya, niulize habari za familia yangu, kwa heshima."

Koleo akakohoa, akanyoosha mgongo, akatoa sauti aliyodhani ni ya redioni. "Je, hyun ji wako hajambo?"

Bibi Redio akaweka chini kipande cha chungwa. "Umemwita mwanangu mbwa."

"Si wewe umenifundisha sasa hivi!"

"Nikimwita mimi ni adabu. Ukimwita wewe ni ugomvi. Anza tena."

Wakaanza tena. Kila jioni baada ya kazi Koleo alipanda zile ngazi, na kila akishuka kichwa kilikuwa kimejaa kama gunia. Alijifunza kwamba watu wakubwa hawafi. Wanaondoka, au wanapita, na kila daraja lina kitenzi chake. Alijifunza kusimama kimya kidogo kabla ya jina la mwenye msiba. Nukta zake alikatazwa kabisa. Kila moja ilipomponyoka, Bibi Redio aligonga meza kwa kijiko, na mwanzoni kijiko kilikuwa hakipumziki.

Kilichomsumbua zaidi ni namna ya kumtaja marehemu mwenyewe.

"Ukitaja wako waliotangulia unaanza na sin," Bibi Redio alieleza. "Baba yako aliyefariki ni sin fu. Mama ni sin mou. Mwalimu wako, aliyekufundisha kazi, ni sin si."

"Lakini huyu ni Sifu. Si fu."

"Alipokuwa hai. Sasa amefariki, ni sin si."

"Kwa hiyo hiyo fu inakwenda wapi?"

"Inakwenda naye. Usiniulize maswali ya kifundi. Sema sin si."

"Sin si."

"Tena."

"Sin si, sin si, sin si."

Akaenda nalo. Alilisema akifunga nati, akalisema akipaka grisi. Alilisema mbele ya kioo huku anapiga mswaki, hadi mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akamuuliza kama jino linamuuma. Mama yake alimpenda sana Sifu. Kila Jumapili mzee alikuwa akija kwao kula, kisha anamrekebishia mama bawaba za madirisha bila kuombwa huku akinung'unika kwa lugha ambayo mama hakuielewa hata chembe. Mama aliamini yalikuwa maneno ya baraka.

Jambo moja Koleo hakulifanya katika siku hizo zote ni kulia. Hakuwa na nafasi. Kila alipotaka kumfikiria mzee, maneno yalimwahi.

Siku ya kuaga ikafika. Asubuhi Bibi Redio akapiga simu, sauti kali kama ya taarifa ya dharura. "Lifti imegoma."

"Leo?"

"Leo. Nimevaa, nimejipaka, nimesimama hapa mlangoni kama sanamu. Na miguu yangu ilistaafu kabla yangu. Ungekuwa unatengeneza lifti badala ya kuja kula machungwa yangu, ningekuwepo."

"Bibi, nitakufa kule bila wewe."

"Hufi. Na ukifa, usifanye gwa jo. Ondoka kwa heshima."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Jeneza liko mbele, limefunikwa maua meupe. Safu ya kwanza aliketi mjane, mwanamke mdogo wa umbo, nywele fupi za mvi, mkoba umesimama magotini kama mtoto. Kulia kwake mwanawe mkubwa, wakala wa bima, mtu wa suti iliyomkaa barabara. Kushoto mdogo, daktari wa meno, ambaye alikuwa akitazama midomo ya watu wote wanaopita. Ndugu hawa wawili hawakuwa wakisemeshana. Ilikuwa dhahiri kwamba walikuwa wamegombana njiani, na kwamba ugomvi ulikuwa mbichi. Nyuma yao waliketi wafanyakazi, na kando, karibu na ukuta, mama yake Koleo katika gauni lake la sherehe, kwa sababu halikuwapo jingine la kufaa.

Koleo akapanda jukwaani.  Akapiga moyo konde, akasimama kimya kidogo kama alivyofundishwa, kisha akaanza.

Na alianza vizuri! Alimsalimu mjane kwa neno la kumsalimia mke wa mtu mkubwa, na mjane akainua nyusi. Akawataja wana kwa neno la kuwataja wana wa mwenzako, wala hakumwita mtu mbwa. Akasema kampuni yao chakavu imepata pigo. Kaka mkubwa akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Koleo akapata nguvu, mabega yakashuka, sauti ikafunguka. Akamgeukia mzee pale kwenye jeneza, na ulimi wake, uliokuwa umemwita mtu yule Sifu tangu ujanani, ukachukua sin kutoka kwa Bibi Redio, ukachukua fu kutoka shimoni, ukaviunganisha.

"Sin fu," alisema Koleo kwa sauti kubwa na ya heshima, mbele ya jeneza. Marehemu baba yangu.

Wakala wa bima akaacha kuitikia kwa kichwa.

"Bila sin fu," Koleo aliendelea, "mimi nisingekuwepo hapa leo. Aliniingiza katika dunia hii nikiwa sijui kitu. Alinishika mkono. Siri zake nyingi aliniachia mimi, siri ambazo hata familia yake tukufu haizijui."

Daktari wa meno akafungua mdomo, akausahau wazi.

Nyuma, wafanyakazi ambao hawakuelewa neno hata moja walikuwa wakisikiliza ile sauti ya redioni kwa fahari. Meneja akamwonyesha Koleo dole gumba. Koleo aliona nyuso za wale wana zikibadilika rangi, akafikiri: uchungu unawaingia. Kumbe kweli maneno yana nguvu.

Wakala wa bima akasimama. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na mtu wa namna hiyo akikasirika anazidi kuwa rasmi. "Samahani," alisema. "Naomba kuuliza. Je, ling tong bado yupo?"

Koleo nusura aruke kwa furaha. Ling tong! Alilijua hilo! Mama yako mheshimiwa. Na jibu lake alilijua pia.

"Ahsante kwa kuuliza. Ga mou yupo, ni mzima wa afya. Yule pale." Akanyoosha mkono kwa ustadi.

Mama alipoona ameonyeshwa, akasimama, akatabasamu, akapunga mkono.

"Sin fu alikuwa akija kwa ga mou kila Jumapili," Koleo akaongeza, kwa kuwa alikuwa na msamiati na hakutaka ubaki bure. "Alikula, akishamaliza alijilaza kidogo. Ga mou alimpenda mno. Hadi leo madirisha yetu yanafunguka vizuri kwa sababu yake."

Wakala wa bima akaketi. Hakuketi kwa hiari, miguu ndiyo iliyoamua. Mjane peke yake hakushtuka. Alikuwa ameinamisha uso juu ya mkoba, na mabega yalikuwa yanatetemeka kidogo. Koleo akaona kwamba amemliza, akaamua kukomea hapo. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kulikuwa na mapumziko ya chai kabla ya kwenda makaburini. Koleo hajamaliza hata kumimina, akazingirwa. Wakala wa bima huku, daktari wa meno huku, na ndugu ambao asubuhi hawakuwa wakisemeshana walikuwa sasa kitu kimoja.

"Una umri gani?" daktari akauliza, bila heshima yoyote ya msamiati.

Koleo akamwambia. Daktari akahesabu kwa vidole, akamtazama kakake. Kakake akafumba macho.

"Na baba alikuja huku mara ya kwanza lini?"

"Zamani, kabla ya ile kazi ya majengo marefu. Wanasema alikuja kupima, akarudi, halafu..."

"Kupima," alisema wakala wa bima kwa uchungu.

"Mdomo ni wa baba," alisema daktari wa meno, akimchungulia Koleo. "Tazama hiyo taya."

Taya? Koleo akashusha kikombe. Akarudi nyuma, neno kwa neno, kama anavyorudi nyuma fundi anayetafuta waya uliounguza saketi. Alipita kwenye madirisha, akapita kwenye Jumapili, akapita kwenye ling tong. Akafika kwenye sin. Sin nini? Sin...

Hapo ndipo masomo yote ya Bibi Redio yalipomtoka kichwani kwa mkupuo mmoja, na Koleo, mtu wa samahani na naomba, akalipuka kwa Kikantoni cha shimoni. Alisema kwamba yeye si mtoto wa mtu pale, na akaweka nukta. Alisema neno limemteleza, alitaka kusema sin si, na akaweka nukta mbili. Alisema mzee yule hakuwahi hata kumwambia kazi nzuri, seuze kumzaa, na nukta zilizofuata hazihesabiki. Wahudumu wa chai waliokuwa karibu, ambao hawakuelewa lolote, walirudi nyuma na sinia zao.

Mama yake akaja mbio. "Vipi? Wanasemaje?"

"Mama, twende nyumbani."

"Nataka kujua wanasemaje."

Koleo akatazama sakafu. "Wanadhani mimi ni mtoto wa Sifu. Wanadhani wewe na yeye... mlikuwa..."

Mama akamtazama wakala wa bima kutoka viatu hadi nywele. Akamtazama daktari wa meno. Akajiweka sawa gauni lake. "Waambie," alisema, "hata kuniuliza hakuniuliza."

Kicheko kilichofuata hakikutoka kwa mama wala kwa Koleo. Kilitoka nyuma ya wale wana. Mjane alikuwa amesimama pale na mkoba wake, machozi yanamtiririka, na ilikuwa wazi sasa kwamba hata kule ukumbini hakuwa akilia. Alimshika Koleo mkono kujizuia asianguke.

"Tafsiri," alisema alipoweza. "Mama yako amesema nini?"

Koleo akatafsiri. Mjane akaanza upya.

"Mama, unajua huyu ni nani?" wakala wa bima akauliza.

"Namjua sana. Ndiye aliyenipigia simu kuniambia baba yenu amekuwa boga." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nilikata simu nikaketi jikoni nikilia na kucheka. Ilikuwa kama ni yeye mwenyewe amenipigia kuniambia amekufa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeongea hivyo. Nilimkataza akiwa mchumba, nikamkataza akiwa baba wa watoto, nikachoka."

"Lakini amesema sin fu. Mbele ya watu wote."

"Nilisikia. Masikio ninayo."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Mjane akawatazama wanawe, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa mtu aliyengojea swali hilo. "Kwa sababu tangu tulipopanda ndege mnagombania nyumba ya marehemu kabla hajazikwa. Nikaona acheni mgawane kwa watatu kidogo, mwone ladha yake."

Wakala wa bima akatafuta la kusema kwenye kikombe chake cha chai. Daktari wa meno akafunga mdomo, mara ya kwanza tangu hotuba.

"Na ulijuaje kwamba si kweli?" Koleo akauliza, kwa sauti ndogo. "Kwamba mimi si..."

"Baba yao alinipigia simu kila wiki. Na kila wiki alikutaja. Koleo ana mikono ya ajabu. Koleo amesikia mlio wa mota kabla yangu. Koleo akinizidi sitashangaa." Mjane akacheka tena, kidogo tu safari hii. "Hawa wawili hakuwahi kuwasifu mbele ya mtu hata siku moja. Hyun ji hivi, hyun ji vile, mmoja mbwa mvivu, mwingine mbwa mlafi. Yule mtu alikuwa mshamba wa maneno yote, lakini sheria hiyo moja aliishika: walio wako hawasifiwi. Nikajua wewe si wake, ni wa watu."

Koleo alitaka kujibu. Alikuwa na maneno mengi ya heshima yamepangwa kichwani, ya kushukuru, ya kujishusha, ya kukataa sifa kwa namna tatu tofauti. Hakuna lililokuja. *Koleo akinizidi sitashangaa.* Alimwona mzee kwenye kile kiti karakanani, akiwatazama wao wakifunga boliti, akinung'unika kwamba zimelegea, kisha jioni, simu sikioni, akimwambia mkewe hayo.  Chozi la kwanza likamdondokea kwenye chai, na mengine hayakusubiri zamu.

Alilia vibaya, bila adabu yoyote, pua na kila kitu. Mama yake akamshika upande mmoja. Mjane hakumwachia upande wa pili.

Meneja akaja kutangaza kwamba ni wakati wa watu kupita kutoa pole kabla ya safari ya makaburini. Familia ikajipanga kando ya jeneza. Koleo akaanza kuelekea nyuma, kwa wafanyakazi wenzake, akijipangusa kwa mkono wa shati.

"Wewe unakwenda wapi?" mjane akamuuliza.

"Kwa wenzangu."

"Simama huku."

"Mama, nimeshaharibu vya kutosha."

"Kwa hiyo huwezi kuharibu zaidi. Simama huku." Akamsukuma daktari wa meno kwa kiwiko, daktari akasogea, nafasi ikapatikana.

Basi Koleo akasimama pale, kati ya daktari wa meno na wakala wa bima, na kampuni nzima ikapita mbele yake. Watu aliobeba nao spana kila siku hawakujua wamfanyeje. Mchekeshaji wa karakana, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila utani, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema "Pole sana, Koleo," na sauti ikamkatika hapohapo. Meneja alimpa pole, akamsifu kwa hotuba, akamwambia kwamba ingawa hakuelewa hata neno moja, aliona jinsi ilivyoigusa familia.

"Iliigusa sana," daktari wa meno alijibu, na Koleo akatafsiri.

Walipokuwa wanatoka kwenda makaburini, wakala wa bima alimfikia Koleo mlangoni. Alikuwa ametafuta maneno kwa muda. Mwishowe aliacha urasmi wake wote, akauliza kwa Kikantoni cha kawaida kama yale madirisha ya nyumbani kwa kina Koleo baba aliyatengeneza kweli, maana ya kwao wenyewe, alisema, baba alikuwa akiahidi kila likizo na hakuyagusa.

"Njoo Jumapili uyaone," Koleo alimwambia. "Mama atapika."